Mbogo Wangu Si Ng'ombe

Jumatatu, 2 Juni 2025

Sista wa kliniki amesema presha imepanda tena. Ati nikikasirika niandike, nisibweke. Mke wangu Mbeti akaninunulia daftari siku hiyo hiyo — kwa kuninyamazisha ana mbio huyo! Haya. Naandika.

Jawahir, mnunuzi wangu, amerudisha mbogo wangu wote. Gunia zima! Amelileta mwenyewe hadi kibandani kwetu, hapa nyuma ya Jogoo Road, akalimwaga mbele ya wachongaji wenzangu. Ati mwenye duka kule karibu na lango la mbuga ya Kilimambogo amewakataa. Wageni wanaopanda mlima wanataka mbogo wa kupeleka nyumbani, wakiona wangu wanacheka. Ati hawa ni ng'ombe wa maziwa.

Ng'ombe wa maziwa! Miaka thelathini na moja nashika tezo. Nilikuwa nachonga mbogo huyo Jawahir bado msichana wa kukimbilia madrasa.

Na Mativo yuko hapo anapiga msasa, anatabasamu chini chini. Mativo! Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, alipojikata kidole mimi ndiye niliyemfunga kitambaa. Leo ana miaka thelathini na minane, ana watoto watatu, na ana mdomo. Bila kuulizwa akasema, "Mwalimu, masikio ya mbogo huwa chini ya pembe, si juu. Na pembe zinakutana katikati ya kichwa, kama nywele zilizochanwa njia."

Ameona wapi mbogo? Amezaliwa Mukuru kwa Njenga, hapa hapa mjini! Ati alipokuwa kwa nyanya yake aliwahi kuona mmoja. Mwongo mkubwa.

Jawahir amesema anabaki na mchongaji mmoja tu. Jumatatu ya tarehe kumi na sita mimi na Mativo kila mmoja amletee mbogo mmoja. Wa kushindwa asimpigie simu tena. Na Jawahir ndiye mnunuzi pekee niliyebaki naye, wengine wote wamehamia vitu vya plastiki.

Jumatano, 4 Juni 2025

Nimeenda Burma, kwenye soko la nyama, kuangalia vichwa. Nimesimama hapo nusu saa. Muuza vichwa akaniuliza, mzee, unanunua ama unawasalimia? Watu wakacheka. Shenzi.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna wa kusoma. Mimi sijawahi kuona mbogo. Hata mmoja. Mbogo wangu wote ni Meja, fahali wa baba kule Mwala. Nilimchunga nikiwa mtoto. Shingo yake naijua kwa viganja. Nikifumba macho anatoka kwenye jakaranda mwenyewe, namalizia kwa rangi nyeusi ya viatu. Nilimwita mbogo kwa sababu hakuna mzungu wa kununua ng'ombe.

Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Hata mmoja! Walikuwa wanabeba Meja kwenye ndege wakishukuru.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Idd. Jawahir ametuma nyama kibandani, imeletwa na Nuh, ndugu yake anayemwendeshea gari. Mifuko miwili. Wa Mativo una mbavu. Wangu una shingo! Nimefungua yote miwili nikaangalia, ndiyo, nimeangalia.

Mbeti anasema shingo ndiyo yenye supu tamu, nishukuru. Nimeinywa hiyo supu. Nimeinywa na hasira yangu.

Jumanne, 10 Juni 2025

Jawahir amepiga simu. Jumamosi anatupeleka mlimani, mimi na Mativo pamoja, tukamwone huyo mnyama kwa macho ili ubishi uishe. Nikamwambia goti langu halipandi mlima. Akasema gari linafika hadi kileleni, wallahi nisimletee visingizio.

Kisha akanisomea kwenye simu mambo ya kufanya huko juu. Kutembea msituni na askari wa wanyama. Kutazama mbega. Kusikiliza ndege. Kula chakula cha mchana kileleni. Kupiga picha. Kurudi kupitia maporomoko ya maji.

Kusikiliza ndege! Mimi naishi Pipeline, orofa ya tano, jirani wa kushoto anafuga kuku bafuni. Ndege nimewasikia wa kutosha. Na kula — kwani chakula kikiliwa mlimani kinageuka kuwa nini? Watu wanafunga safari nzima kwenda kutafuna chapati kwenye baridi! Kutazama nyani mwenye shali jeupe! Upuzi mtupu.

Mimi jambo langu ni moja tu. Kichwa cha mbogo, dakika tano, nichore.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Mativo anafunika mbogo wake kwa gunia. Alipoenda kununua chai, nikafunua.

Masikio chini. Pembe zimekutana. Ukimwangalia unarudi nyuma kidogo. Kama ni uongo, basi ni uongo uliochongwa vizuri.

Tezo ilikuwa mkononi mwangu. Pigo moja tu kwenye pua. Nimesimama hapo mpaka nikasikia anakohoa nje.

Nimerudisha gunia.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Saa tatu, langoni. Tumetoka Eastleigh gizani, Nuh usukanini, Jawahir na masufuria yake nyuma, mimi nimebanwa na Mativo bega kwa bega. Njia nzima anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Njia nzima! Ukungu umefunika mlima wote, huoni hata mti. Nimewaambia turudi. Nuh akazidi kuendesha.

Tumepewa askari, dada mmoja anaitwa Muthoki, ana bunduki na sauti kubwa. Ametupa sheria. Hakuna kushuka garini mpaka kileleni. Kileleni hakuna mtu kuzunguka bila yeye. Ati mbogo wa kundi hana neno, ukimpisha anakupisha. Wa kuogopa ni yule dume mzee ambaye vijana wamemfukuza kundini. Anakaa peke yake kichakani na hasira zake. Huyo haonyi, anakuja tu, na akikuangusha anarudi tena.

Mativo akageuka akanitazama. Nimemwona!

Saa tano na nusu. Tunapanda. Mbega tumewaona, Jawahir amepiga kelele kama mtoto, amepiga picha mia. Wana mikia mizuri, nakubali. Kinyesi cha mbogo tumekiona, kibichi, Muthoki akasema wako karibu. Mbogo mwenyewe hakuna. Nimeuliza mara nne. Mara ya nne Nuh akaniambia, mzee, usikonde, hatuwezi kumpigia simu.

Saa saba, kileleni. Baridi inaingia mpaka kwenye meno. Goti limekufa. Wenzangu wamekwenda nyuma ya ile milingoti ya simu, kwenye uwanja wa kulia chakula. Jawahir na Nuh wanataka kuswali kwanza. Mimi nimebaki garini, nimehamia kiti cha dereva. Nuh ameniachia ufunguo niwashe hita. Muthoki amerudia, mtu asirudi kwenye gari bila yeye, atawaleta wote pamoja.

Mativo akasema, "Nitakuletea chai, mwalimu." Nikamwambia asijisumbue. Jawahir akasema huyu ana adabu. Nkt! Adabu. Jumatatu atanipokonya kazi kwa adabu hiyo hiyo.

Sina mchoro hata mmoja. Karatasi nyeupe. Siku imekwisha, na Jumatatu nitapeleka Meja tena achekwe.

Yuko.

Ametoka kwenye ukungu bila sauti. Amesimama kando ya kichaka, hatua ishirini kutoka kwenye kioo. Dume. Mzee, ngozi imemtoka mgongoni, tope mpaka kifuani. Peke yake.

Masikio yako chini ya pembe. Chini! Yananing'inia, kingo zimechanika. Na pembe zimekutana katikati, na ile njia ya nywele ipo, imenyooka kabisa. Hapa hakuna Meja. Hakuna hata kidogo.

Mativo alisema kweli. Nimeandika. Kwa mdomo hatanisikia nikisema.

Nachora ukurasa wa pili, naandika huu. Mstari unakuja. Ee Mungu, unakuja! Pembe ya kulia tayari. Paji tayari. Hii nikiifikisha kwenye jakaranda hakuna wa kunicheka, si Jawahir, si muuza vichwa, si mtu.

Mluzi.

Ni yeye. Anakuja na njia ya majani, peke yake, askari hayupo. Ameshika kikombe kwa mikono miwili, juu amefunika kwa sahani isipoe. Macho yote yako kwenye kikombe, asimwage. Kichaka kiko katikati yao. Hamwoni.

Mbogo ameinua kichwa. Amegeukia mluzi.

Honi iko hapa kwenye usukani. Hata sihitaji kunyoosha mkono. Nikiipiga Mativo atasimama, atakimbia, Muthoki atasikia. Na mbogo ataingia msituni.

Vile alivyogeuka, sasa sikio la kushoto linaonekana lote.

Anakaribia. Mluzi ule ule wa asubuhi. Anatembea polepole sana, kwa ajili ya chai yangu.

Tulia, mnyama wewe. Usitikise kichwa. Limebaki sikio moja tu.