Aliyetuandikia Hakuwa Nyabuto

Jumamosi, Manga. Mvua haijakatika tangu tutoke kanisani kwenye ibada ya Sabato. Nimechoka hoi, na si mwili tu.

Mdogo wangu Nyabuto aliondoka juzi juzi kwenda kusoma ng'ambo. Leo tulikuwa tunakula chakula cha mchana Mama alipopata ujumbe kutoka kwa namba yake. Amelazwa hospitalini. Hawezi kuongea, tusipige. Hospitali inataka picha ya kitambulisho cha mzazi, na tarakimu ambazo zingeingia kwenye simu ya Mama wakati wowote.

Kabla sijanawa mikono, Mama alikuwa ameshapiga picha kitambulisho na kutuma. Kisha akajirekodi akimwombea mwanawe kwa Ekegusii, lugha yetu, akilia, akatuma maombi hayo pia.

Jibu likaja: "Asante mama. Tuma zile namba haraka."

Hakuna amina. Nyabuto wetu aombewe na mama yake, asiseme amina?

Nilimnyang'anya Mama simu. "Unataka mtoto afe?" akanifokea. Sijawahi kumwona amenikasirikia hivyo.

Nikapiga namba ya Nyabuto, haikushikwa. Nikapiga tena na tena, Mama akinitazama kama adui. Hatimaye simu yangu ikaita, namba ngeni ya nje.

"Dada, msitume chochote. Si mimi."

Alikuwa anatumia simu ya mwenzake wa chumbani, maana alikuwa amefungiwa nje ya akaunti yake ya ujumbe. Njiani, akisubiri ndege ya pili, alijiunga na intaneti ya bure pale uwanjani. Ukurasa ukamwomba namba yake ya simu, kisha tarakimu alizotumiwa kwa ujumbe. Akaziandika, akidhani ndivyo watu wanavyoingia. Kumbe alikuwa anamfungulia mwizi mlango wa akaunti yake.

"Nilitaka tu kumwambia Mama safari ni salama," akasema.

Nikampa Mama simu. Akakataa kuishika.

"Na huyu nitajuaje ni yeye?"

Nikaweka spika. Nyabuto akaongea Ekegusii, akamuulizia ng'ombe wake kwa jina, mpaka Mama akakaa chini kwenye sakafu akalia upya.

Jioni yote tumekuwa kwenye simu. Nyabuto amerudisha akaunti yake, ameweka namba ya siri ya ziada, ameondoa kifaa asichokijua, amebadilisha nywila ya barua pepe. Mimi nimewapigia jamaa wote hadi Nyamache. Shangazi naye alikuwa ameshaandikiwa na mwizi huyo.

Picha ya kitambulisho hairudi. Jumatatu nitampeleka Mama mjini Kisii tukaripoti polisi.

Sasa hivi ameniomba nimfundishe kuutambua ujumbe wa uongo. Nimemwambia kesho, nikipumzika. Lakini hata nikipumzika, nitaanzia wapi? Mama anafundishwaje kumshuku mwanawe?