Daktari Aliyeniomba Nikae Nje

Ggaba, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe, na bibi yetu Kukhu, na wadogo zangu wote. Habari za hapo nyumbani? Kifua cha Kukhu kimetulia, au bado anakataa kuvaa sweta? Simiyu siku hizi anaenda shule bila kulia? Sisi huku tuko wazima, na safari hii neno hilo nimeliandika bila kusitasita. Kwa hiyo soma polepole, hakuna msiba katika barua hii. Baba anatembea kwa miguu yake miwili, na sasa hivi yuko nje anabishana na jirani kuhusu mpira.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Unajua nilivyo. Ukiniuliza Baba anaendeleaje, na yeye ameketi hapo kando yangu, nasema "salama" halafu nampa simu haraka. Mama Rispa wa kanisani kwetu anasafiri kesho, atakuletea hii mkononi. Usifikiri nimemzunguka Baba. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Mwambie yote. Mimi nitaogopa kumwambia."

Yote ni haya. Habari za sukari yake unazijua, na vidonge unavijua. Usichokijua ni kidonda.

Wakati wa mvua zile nyingi nilikuwa nafua soksi zake nikaona moja imekauka damu kwenye wayo. Nikamwonyesha, akashangaa kuliko mimi. Akatikisa kiatu, kikaanguka kifuniko cha soda. Alikuwa ametembea nacho sokoni Nakivubo kutwa nzima, anapanga mabeseni, anabebea wateja ndoo, na hakusikia kitu. Mama, damu sikuiogopa sana. Nilimwogopa yeye, alivyokuwa akikibonyeza kidonda kwa kidole na kuniuliza kama ni kirefu, kama vile mguu ni wa mtu mwingine.

Tukaenda kliniki. Daktari alikuwa kijana, ana haraka, na foleni ilifika barabarani, kwa hiyo simlaumu sana. Kiingereza cha Baba ni cha kutaja bei tu, na Kiganda chake ni cha sokoni, anajua kuita wateja "ssebo" na "nnyabo", yaani bwana na bibi, na kusema hawezi kupunguza zaidi. Basi mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Daktari anauliza kwa Kiingereza, mimi namwambia Baba kwa Kiswahili, halafu namrudishia daktari jibu.

Sasa fikiria maswali yenyewe. Anaenda haja ndogo mara nyingi? Huwa anawahi kufika chooni? Mama, nilitazama sakafu. Baba akatazama dirisha, akasema, "Mwambie niko sawa." Anakula nini? "Mwambie nakula vizuri." Vidonge anameza kila siku? "Mwambie nameza." Daktari akasema vidonge havitoshi tena, aanze sindano ya insulini. Hapo tu ndipo Baba alipobadilisha jibu. "Mwambie hapana."

Tuliporudi mara ya pili kidonda kilikuwa kimepanuka. Daktari akakitazama, akaniambia nimwambie baba yangu kwamba anajiua mwenyewe, na kwamba akiendelea hivi mguu utakatwa. Nikamwambia. Sikujua kama mtu anaweza kukataa kutafsiri. Nilisema, "Baba, anasema unajiua mwenyewe, na mguu utakatwa." Kwa mdomo wangu huu. Na Baba akaniangalia mimi, akajibu, "Nimesikia, daktari."

Baada ya hapo akawa hataki kurudi. Kila nikimkumbusha anasema wiki ijayo. Nyumbani tulikuwa tunaongea habari za chumvi na maji tu. Nikwambie ukweli, nilimkasirikia. Nilimwona mtu mzima mkaidi. Nilikuwa nikikaa darasani napanga kichwani tutakavyorudi nyumbani Kenya akiwa na mkongojo, nani atafunga biashara, nitamaliza shule wapi. Mwalimu akiniuliza swali, nasikia jina langu tu.

Mama Rispa ndiye aliyetuambia kuhusu daktari mwingine, mwanamke, upande wa Old Kampala. Nilimbembeleza Baba mpaka akakubali, nafikiri alichoka kunisikia. Daktari huyo ni mrefu, mtu wa kaskazini, anaongea taratibu. Akaanza na mimi kwa Kiingereza kama yule mwingine. Nikageuka kumwambia Baba, naye akatusikia.

"Kumbe nyinyi ni watu ya Kiswahili," akasema. "Mzee, mimi nilikulia kwa barakisi, kwa kambi, baba yangu alikuwa askari. Kiswahili yangu iko mbaya, lakini iko. Tuongee sisi wawili?"

Baba akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Tuongee, daktari."

"Basi huyu mtoto akae nje kidogo asome vitabu yake. Mambo ya mwili, baba hawezi kusema mbele ya msichana yake. Hata yangu alikuwa hivyo."

Mama, nilisimama kwa haraka hadi nikaangusha kiti.

Nilikaa kwenye benchi nikisubiri kusikia sauti ikipanda. Kisha nikasikia Baba anaongea, akaendelea, akaendelea kwa muda mrefu. Baba yetu huyu wa maneno matatu. Halafu nikasikia watu wawili wanacheka. Baadaye alinieleza kwamba alimwambia, "Daktari, Kiswahili chako kinapanda na kushuka kama sukari yangu," naye akamjibu, "Basi tutatibu zote mbili."

Nilipoitwa ndani, daktari alimuuliza, "Mzee, nimwambie mtoto, ama utamwambia mwenyewe?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Aliniambia tulipokuwa tunateremka kilima. Alianza kama anayesimulia habari ya mtu asiyenihusu. "Babu yako mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Alimeza vidonge miaka yote. Wakaanza kumdunga sindano za sukari, haukupita muda wakamkata mguu, halafu tukamzika. Kwangu mimi sindano ni ya mtu anayeagwa." Akatembea kidogo. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nakataa. Leo nimeulizwa."

Hata mimi sikuwahi kumuuliza, Mama. Nilikuwa na hasira tu.

Daktari hakumcheka. Alimwambia, "Sindano haikukata mguu ya baba yako, Mzee. Ilimkuta amechelewa. Wewe bado." Kisha akampa sindano yenyewe aishike. Baba alikuwa anafikiria ile ya kudungia ng'ombe. Akaniambia, "Ni kasindano tu, fupi kuliko ya kushonea vifungo."

Na vidonge je? Kumbe vilikuwa vinamchafua tumbo, na choo cha soko kiko mbali, na mabeseni hayana wa kuyalinda. Siku zenye wateja wengi alikuwa anaviacha. Daktari alimwonyesha namna ya kuvimeza pamoja na chakula, akambadilishia na aina. Mengine waliyoongea hakuniambia, na sikuuliza. Nilifurahi kutoyajua.

Jambo moja nililipenda sana. Hakumpangia kila kitu. Alimuuliza, "Kwa haya yote, wewe mwenyewe unaona utaweza kuanza na gani?" Baba akachagua soda. Unajua mteja mzuri akinunua mabeseni ya jumla lazima amnunulie mwenye duka soda, na kuikataa ni kama kumkataa yeye. Baba akasema, "Nitawaambia waninunulie maji." Sasa sokoni wanamtania kwamba Mkenya ameokoka, hata soda hanywi. Anawajibu, "Nimeokoka na mguu wangu."

Ugali huku wanauita posho, nao ameupunguza, anaanza na mboga. Analalamika, lakini anakula. Insulini tunaiweka ndani ya kopo, kopo ndani ya chungu chenye mchanga tuliolowesha maji, maana hatuna friji. Sindano ya kwanza alijidunga mwenyewe palepale kliniki, daktari anamsimulia habari za mechi za barakisi. Nyumbani alianza kwa kujidunga akiwa ameelekea ukutani. Siku moja akaniambia, "Ukitaka kuangalia, angalia." Niliangalia. Hakukunja hata uso.

Kidonda kimefunga, Mama. Wiki iliyopita daktari alikipapasa akasema kimefunga kabisa. Baba alitoka pale akanunua machungwa mawili, moja lake, moja langu, tukala tumesimama. Nililia kidogo, akajifanya hajaona.

Kila asubuhi anatakiwa kuangalia nyayo zake kabla ya kuvaa viatu, kwa kuwa hazimwambii kitu zikiumia. Alijaribu kwa kioo changu kidogo, akashindwa, magoti hayakunjiki vizuri. Siku ya kwanza alizunguka chumbani mpaka nikaona nitachelewa shule. Kisha akakaa kwenye stuli, akanyoosha mguu, macho juu darini. "Nekesa, njoo unitazamie. Sema unachoona."

Nilipiga magoti nikatazama kisigino, nikatazama katikati ya vidole. "Hakuna kitu, Baba."

"Tazama tena. Usinifiche."

"Hakuna."

Akaingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa mpaka mwisho, akavaa. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo, na ninaipenda.

Nisalimie Kukhu, mwambie mwanawe anakula mboga bila kulazimishwa. Nisalimie Mjomba Barasa anayetulimia shamba, na Shangazi Nafula aliyenishonea sketi, bado inanitosha. Simiyu mwambie aache kuandika kwenye kitanda changu.

Baba akipiga simu, tafadhali usimkaripie kuhusu kifuniko cha soda. Muulize tu ni kitu gani kinamshinda wiki hii. Halafu unyamaze, Mama, usimsaidie kujibu. Anachelewa kuanza, lakini anaanza.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nekesa