Ukurasa wa Ndama

Jumatatu, 8 Julai

Uji asubuhi. Njavi mchana. Njavi tena jioni. Nimechora ulimi wa ng'ombe tena na tena na bado unafanana na soksi. Baridi ya huku Kanja haina adabu. Vidole havinyooki.

Kitabu changu cha watoto kimebaki ukurasa mmoja. Ng'ombe anaitwa Madam, kama huyu wa hapa nje kwa zizi, na ndiye anayesimulia. Anaamini yeye ndiye bosi wa boma. "Nimeandika watu watatu kazi. Wa kwanza ananikatia nyasi. Wa pili anazoa mavi yangu. Wa tatu ananikamua, na huyo namlipa vizuri kwa sababu mikono yake si baridi." Niliandika hayo mwezi wa tano, tumbo likiwa limegusa meza. Nilicheka peke yangu pale nyumbani, mtaa wa Dallas mjini Embu, mpaka mume wangu Njeru akatoka bafuni kuuliza kuna nini.

Leo nimesoma tena. Inachekesha, naona. Sikucheka.

Ukurasa uliobaki: Madam anazaa.

Jumanne, 9 Julai

Njeru amerudi kazini Embu mjini. Ameniacha kwa mama yake mpaka mshono upone. Hata mimi namwita Mami. Mama mzuri. Hasemi mengi. Anaingia, anaweka sahani, anatoka.

Kabla Njeru hajaenda nilimuuliza mtoto alikuwa na jina ama hakuwa. Kwa hawa Waembu, msichana wa kwanza anaitwa jina la nyanya yake, mama ya baba. Kwa hivyo alikuwa awe Rwamba. Tulijua, Mami alijua, hata majirani walijua. Lakini hospitalini waliandika "mtoto wa Kagendo", basi.

Njeru akasema mtoto ambaye hakulia hapewi jina. Litangoja mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafunga viatu.

Nimekasirika. Nafikiri ni hasira. Iko mbali, kama redio ya jirani.

Sikumwona. Nilikuwa nimelala kwa dawa ya upasuaji, na nilipoamka wakaniambia ni heri nisimwone. Nikakubali. Walimleta huku kumzika nikiwa bado wodini. Sitaki mambo mengi. Nataka tu kujua kama alikuwa mtu mwenye jina lake.

Alhamisi, 11 Julai

Njavi ni maharagwe meusi. Huku mwanamke akizaa analishwa hayo ili maziwa yashuke. Mami aliyaweka tangu mavuno yaliyopita, kwenye debe, kwa ajili yangu. Hospitalini waliniambia nifunge kifua na leso mpaka maziwa yakauke yenyewe. Hakuna aliyemwambia Mami. Kwake ni rahisi: umezaa, kula njavi.

Nakula. Ningesema nini?

Leo nikiwa nimeinamia meza maziwa yamepita leso na kudondokea karatasi, juu ya mgongo wa Madam. Rangi ikasambaa. Nimeitazama kwa muda. Kisha nikachukua karatasi nyingine.

Ijumaa, 12 Julai

Mhariri amepiga simu kutoka Nairobi. Pole nyingi. Halafu kazi. Amekata ule ukurasa wa daktari wa mifugo ("Anakuja na glavu ndefu mpaka kwapani. Sitaki kuongea juu yake.") Anasema walimu watalalamika. Walimu gani hao? Huo ndio ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote.

Anataka ndama achorwe, na awe na jina. Watoto wanapenda kinyama kidogo chenye jina. Nikishindwa, kuna kijana mchoraji anaweza kumalizia. Nina mpaka Ijumaa ijayo.

Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Jumapili, 14 Julai

Kina mama wa kanisa wamekuja. Sukari, unga, sabuni. Wameomba kwa Kiembu, na mimi nimeitikia Amina kwa Kimeru changu cha Nkubu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenicheka lafudhi.

Mmoja wao hakuwa ameambiwa. Aliingia akitabasamu, mkononi kofia ndogo ya sufi, ya manjano. Akatazama kitanda. Akatazama wenzake. Akairudisha kwenye mfuko wake, akanishika mkono.

Nilitaka kumwambia aiache. Sikusema. Najichukia kwa hilo kuliko kwa mambo mengine yote.

Jumanne, 16 Julai

Madam wa nje amekaribia kuzaa. Kiwele kimejaa, hataki kula, anazunguka zizini akikanyaga hapa na pale. Mami amemtandikia majani makavu ya migomba. Alinipitia akaniambia nivae sweta nikae hapo nje nimchore, si ndiyo kazi yangu.

Nimekaa. Nimechora kwato. Kwato ni rahisi.

Jumatano, 17 Julai

Madam alizaa mchana, mvua nyepesi ikinyesha. Daktari wa mifugo alikuwa ameenda Gachoka kwa ng'ombe wengine, simu yake ikaita bure. Mami akavua kitambaa cha kichwa, akafunga miguu ya mbele ya ndama na kamba, akavuta kila Madam alipojisukuma. Mimi nilishika mkia. Ndiyo kazi pekee niliyopewa na mshono wangu.

Ndama akatoka, akaanguka kwenye majani. Hakusonga. Ulimi nje, wa buluu.

Mami hakupiga kelele. Alimsafisha pua kwa vidole, akachukua ujiti wa nyasi akamchokoza nao puani, akamsugua mbavu kwa gunia kwa nguvu zake zote, huku akimtukana. Kwa kweli alikuwa anamtukana. Mimi nilisimama pale pale na mkia.

Ndama akapiga chafya. Akainua kichwa.

Nikamchukia. Niandike tu, hakuna mwingine atakayesoma. Nilimwangalia kile kifua kikipanda na kushuka nikamchukia. Madam akageuka akaanza kumlamba, na mimi nikaingia ndani nikalala na viatu.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemwandikia mhariri: mpe huyo kijana ukurasa. Amejibu haraka. Pole tena. Atanipunguzia mzigo. Ila jina la ndama nitoe mimi mwenyewe, maana hadithi ni yangu. Nilipeleke Jumatatu.

Sikuhisi kitu. Nimekula njavi yote, nimeosha sahani.

Ndama ni jike. Mami anafurahi. Madume huuzwa.

Ijumaa, 19 Julai

Nimepata jina la ndama. Rwamba.

Kwa nini lisiwe hilo? Njeru anasema linangoja. Linangojea nini? Likae hewani miaka mingapi? Angalau kwa kitabu litachapishwa, litasomwa, watoto wa darasa la kwanza watalitamka kwa sauti. "Huyu ni Rwamba. Ndiye mfanyakazi wangu mpya, na tayari ni mvivu." Nimeandika hivyo. Sentensi ni nzuri. Nimeiandika mara moja bila kufuta neno, na hilo ndilo limeniogopesha.

Lakini jina ni la Mami. Haliwezi kwenda Nairobi kabla hajasikia. Kesho kutwa nitamwambia, akitoka kanisani.

Jumapili, 21 Julai

Nimemsomea Mami kitabu jioni, zizini, yeye akikamua. Kiswahili cha vitabu kinamchosha, kwa hivyo nilimgeuzia kila ukurasa kwa Kimeru na yeye akinisahihisha kwa Kiembu. Alicheka pale kwa watu watatu wa kazi. Kwa glavu ya daktari alicheka mpaka akaacha kukamua, akashika ubavu wa ng'ombe. Akasema huyo aliyeukata ukurasa hajawahi kufuga hata kuku.

Nikafika kwa ndama. Nikasema anaitwa Rwamba.

Mikono yake ikasimama kwenye kiwele. Nilidhani nimemtusi, jina lake kupewa ng'ombe. Nikaanza kusema halina mtu, limekaa tu.

Akasema, "Hilo lina mtu. Nilimpa mtoto."

Akanieleza bila kugeuka. Hospitalini ni yeye waliyempa amshike, Njeru hakuweza. Akamfunga kwa shuka. Akamwita kwa sikio, kama wanavyoitwa watoto wengine wote: wewe ni Rwamba, na mimi ni Rwamba. Ndipo akawaruhusu wamchukue. Hakumwambia Njeru kwa sababu Njeru hakuuliza. Alidhani mimi najua. Mwingine akija atatafutiwa jina lingine, majina si machache.

Nikamuuliza alikuwa anafanana na nani.

"Wewe. Hiki kipaji kikubwa cha watu wa Meru." Akajigusa paji la uso kwa mkono wenye maziwa.

Nimelia. Kwa sauti, mpaka Madam akasogea pembeni. Mami hakuniambia ninyamaze. Alimaliza kukamua, akaniachia ndama nimshike kamba, akapeleka ndoo ndani.

Nimemwandikia mhariri asimpe mtu ukurasa wangu. Ndama bado hana jina. Kichwa chake ni kizito, anakiegemeza popote. Kesho nitaanza na masikio.