Reli Kuzunguka Kitanda

Mdogo wangu,

Sisi tunasukuma siku. Nimetandika reli ya treni ya kuchezea kuzunguka kitanda cha shemeji yako, apate cha kutazama. Kwenye kila kiungo nikaacha nafasi, kama kazini, chuma kisipinde kwa joto. Treni ikagoma: umeme wake hauruki nafasi! Shemeji yako akacheka mpaka akakohoa. “Fundi reli miaka thelathini, mume wangu!”

Nikaziba nafasi zote. Sasa inazunguka, ila analalamika hailii “tak-tak” iliyokuwa ikimbembeleza tulipokaa kando ya reli. Basi treni ikipita, nagonga kijiko cha dawa kwenye chuma cha kitanda mpaka asinzie.

Daktari ameacha kutupangia siku ya kurudi. Njoo tupokezane kijiko.

Kaka yako