Korongo Mwenye Pete

Mujukuu wangu Solange,

Amani ya Bwana ikukute na afya. Huku Panda tuko wazima, mama yako amepona mugongo. Unauliza kama nitakasirika ukibaki Ulaya.

Nilipokuwa binti, mvua ikianza, misa ikiisha tulienda ziwani kuangalia korongo wanaotoka huko kwenu. Siku moja nilikuta mumoja amenasa katika wavu, mguuni iko na pete. Nikataka kumupeleka nyumbani, nilimupenda sana.

Yaya Marta, dada yangu mukubwa, akacheka: "Weye! Huyu ameolewa. Bwana yake anamungoja!"

Niliamini, nikamuachilia nikilia. Kumbe, padri alituambia, wazungu wanawavalisha pete wapate kuwatambua wakirudi.

Baki, mama. Lakini mvua imeanza, na miye nashinda inje, naangalia juu.

Kambo, bibi yako,
Véronique