Njugu Iliyomkaba Cliff

Magunga, 20 Mei 2024

Mpendwa mshauri wa redio, ni miezi minne tangu nitoke kwetu Kegonga kuja kukata miwa huku, na naomba unisaidie kwa sababu tangu wiki iliyopita simu ikilia tu naogopa kuipokea. Mke wangu Bochaberi alikuwa ananisalimia kwa simu huku wakimenya njugu na mama yangu, ghafla nikamsikia akisema, "Mama, Cliff ameweka njugu mdomoni!" halafu mtoto wetu akakohoa kidogo akanyamaza, na huyo mtoto ana miezi kumi, mshauri, akilia boma la pili wanasikia, lakini sasa hakukuwa na sauti hata kidogo. Mama akasema, "Lete ugali, mpe tonge liisukume," maana kwetu mwiba wa samaki ukikwama ndivyo tunafanya. Bochaberi akalia, "Mama, usimpe, hapumui!" Mama akamjibu, "Nimelea saba, wewe umelea nani?" Mimi nikapiga kelele kwa simu, hakuna aliyenisikia. Bochaberi, kama alivyonieleza baadaye, akamnyang'anya mtoto, akamwinamisha, akampiga mgongoni, nusu ya njugu ikatoka, mtoto akalia.

Sasa Mama anasema anayepiga mtoto hivyo hamtakii mema, na Bochaberi anasema anarudi kwao na mtoto. Cliff mwenyewe tangu siku hiyo anakohoa, kifua kinalia kama filimbi, Mama anasema ni baridi. Nimnyamazishe nani kati yao? Mimi nitarudi mwisho wa Julai, miwa ikiisha.

Ombati

JIBU

Pole, Ombati. Lakini unaniuliza ugomvi na kifua cha mtoto kinalia! Nusu ilitoka. Nusu nyingine iko wapi? Huenda imeingia kwenye njia ya hewa, na dawa ya kikohozi haiwezi kuitoa. Apelekwe hospitali leo, na waseme wazi kwamba alikabwa na njugu.

Mkeo alifanya vizuri. Mama yako hakuwa na nia mbaya, lakini tonge lingeziba hata pale palipobaki wazi. Mtoto akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Sauti ikikatika, mmoja apige nduru gari litafutwe, mwingine amlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, ashike taya, ampige mara tano katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Isipotoka, mgeuze chali, bonyeza katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili, kisha rudia. Usichokoe koo kama huoni kitu. Aliyepita mwaka mmoja, baada ya kumpiga mgongoni, mkumbatie kutoka nyuma, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani kuelekea juu. Akilegea asiitike, anzeni kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mpaka msaada ufike. Mama na Bochaberi waende pamoja kwa muuguzi awaonyeshe kwa mikono. Na njugu zimenywe mahali mtoto hafiki.

Ombati, namba uliyoandika nimeipiga asubuhi yote, imezimwa. Wewe unayenisikiliza hapo Magunga, kama unamjua huyu mkata miwa wa Kegonga, usingoje kipindi kiishe. Mfuate shambani, mpe simu yako, apige nyumbani.