Kurusha Siyo Kutupa

Tensta, Jumapili, Septemba 2009

Eti kutupa! Leo tukinywa chai baada ya ibada, Mama Neema akamwambia mchungaji, "Huyu ndugu yetu wa Kampala walikuwa wanamlipa kutupa mipira." Meza nzima ikacheka.

"Nilikuwa narusha, mama. Zinazotupwa ni takataka!"

"Si ni kitu kimoja tu, papa," akajibu, akaniongezea chai.

Kitu kimoja! Nilicheza besiboli ya kulipwa msimu mmoja tu. Nilianza nyuma kabisa uwanjani, nikidaka, kisha wakanifanya mrushaji. Bega likaharibika. Kocha hakunipigia hata simu. Nilifika mazoezini nikakuta jezi yangu imevaliwa na mwingine.

Bega bado linauma. Mama wa watu nimemfokea bure. Neno lake ni sahihi kabisa, ila kilichotupwa siyo mipira.